Maneno Matatu na Bado

Nimestaafu nikiwa na miaka thelathini na tatu. Najua inachekesha. Niliwaambia wenzangu kwenye karakana ya treni huku Tyseley, ninakosafisha mabehewa na ambako sijastaafu hata kidogo, kwamba Jumamosi ile ilikuwa ya mwisho kazini, wakadhani naumwa. Kazi niliyoiacha ni ile nyingine, ya misimu tisa: kuichagulia timu yetu wachezaji wapya, na hasa kuichagulia kwotabeki.

Kwa asiyeujua mchezo wetu, ni futiboli ya Kimarekani, lakini ile isiyo ya kuangushana. Kila mchezaji ana vitambaa viwili vinavyoning'inia kiunoni, na kumzuia ni kumchomolea kimoja. Kwotabeki ndiye anayeupokea mpira kwanza. Ana sekunde chache za kuamua amrushie nani, huku wenzake wa upande wa pili wakimkimbilia ili asiamue. Timu yetu ni ya wanawake. Uwanja wetu una mteremko upande wa kaskazini, na tumezoea kuuita faida ya nyumbani.

Nimeacha kwa sababu kazi hii ni ya kukosea, na mimi sijui kukosea. Kila mwaka, wiki mbili kabla ya siku ya uchaguzi, nilikuwa narudi nyumbani kutoka kituo cha basi kuhakikisha nimezima jiko ambalo sikuwa nimeliwasha. Misimu tisa inatosha. Ninawaandikia ninyi wawili mnaozichukua kadi zangu. Sitawaeleza nilivyopanda hadi kukaa kwenye meza ya uchaguzi, kwa sababu sikupanda. Aliyekuwa akikaa pale alihamia Leeds na kiti kikabaki. Nitawaeleza ninachokijua, pamoja na kosa moja ambalo sijawahi kuliandika popote, mimi ninayeandika kila kitu.

Mara ya kwanza nilipowaona wakicheza nilikuwa na mwaka mmoja hapa kutoka Morogoro. Nilikuwa napita kando ya uwanja na mfuko wa viazi, nikaona wanawake watu wazima wakikimbizana kwenye matope na kunyang'anyana leso. Mwanamume mrefu mwenye koti la mvua alikuwa akiwaelekeza kwa Kiingereza, kwa upole kabisa. Kisha mpira ukamponyoka mtu, naye akasema chinichini kwa Kiswahili, "Haki, hawa watanizika." Nikacheka. Akageuka, akaniuliza natoka wapi na naitwa nani. Nilipomwambia naitwa Tatu, akanikabidhi furushi la vitambaa vyenye matope na kuniambia nivihesabu. Nilivihesabu mara tatu. Nafikiri ndipo aliponiajiri.

Huyo ndiye Mwalimu Wanjala. Alikuwa mwalimu wa michezo Bungoma kabla ya kuja huku kuwa muuguzi, na ingawa wagonjwa wake wanamwita vingine, uwanjani sote tulimwita Mwalimu. Alikuwa na umri wa baba yangu na subira ambayo baba yangu hana.

Mchezo wenyewe sikufundishwa na mtu. Niliusoma kwenye simu wakati wa mapumziko ya chai, nikisimamisha video kila baada ya hatua mbili na kuchora kwenye daftari la mistari nani yuko wapi. Maneno ya Kiingereza yaliponichanganya nilitunga yangu: mrushaji, mdakaji, mchomoaji. Nikikosea mchoro sikuufuta. Nilichana ukurasa na kuanza upya, ndiyo maana daftari langu la kwanza lina jalada nene na kurasa kumi na nne. Niliwahi kupima mipira yote ya klabu kwenye mizani ya jikoni na kumpelekea Mwalimu orodha. Aliisoma yote, akanishukuru, akaniuliza kama nina marafiki.

Kadi ni zake. Alikuwa akikata maboksi matupu ya glavu kutoka wodini, vipande vya ukubwa wa kiganja, na kila msichana tuliyemtazama alipata kipande kimoja. Juu, maneno matatu kuhusu uchezaji wake. Matatu tu; ukihitaji la nne, alisema, bado humjui, rudi ukamtazame tena. Chini, neno moja kuhusu ukomavu wake, nalo lilikuwa ama Tayari ama Bado. Hakukuwa na chaguo la tatu. Niliwahi kumuuliza kwa nini hakuna Hapana, akasema yeye ni mwalimu, si hakimu. Na tuliandika kwa Kiswahili kwa sababu siku ya uchaguzi meza zinakaribiana, na watu wa klabu nyingine wana shingo ndefu.

Kujifunza kuandika maneno matatu kulinichukua miaka. Kadi yangu ya kwanza ya kwotabeki ilisema Mkono, Mkono, Mkono. Msichana yule alikuwa akirusha mpira kama anauweka kwenye rafu ya mbali. Tukamchukua. Wiki ya tatu mvua ilinyesha Jumanne na Alhamisi, naye akatuandikia ujumbe kwamba hakujua mchezo huu unachezwa nje. Mwalimu hakunilaumu. Alinituma tu niende kuangalia mazoezi ya vijana siku za mvua, na nisiangalie mpira.

Huo ndio ufundi wenyewe, kama mnautaka. Mkono unaonekana kwa dakika tano, na yeyote mwenye macho atauona. Tazameni miguu, maana anayeogopa huanza kuogopa miguuni. Akirusha vibaya, msifuate mpira. Mtazameni yeye anamtazama nani. Anayemtazama mdakaji kwa hasira, anayemtazama kocha, na anayetazama viatu vyake ni watu watatu tofauti. Fikeni kabla yao, muone nani kabebewa begi. Mwulizeni kuhusu mechi aliyofungwa, na mhesabu atafika sentensi ya ngapi kabla ya kumtaja mwamuzi.

Sasa mwaka wa kosa langu. Ulikuwa msimu wangu wa tano. Tulikuwa tumeshika mkia, na kwa taratibu zetu anayeshika mkia ndiye anayechagua kwanza. Kwa mtakaosahau: klabu ni sita, na wasichana wanaotimiza miaka kumi na minane hukusanyika katika ukumbi mmoja Longbridge, pale palipokuwa na kiwanda cha magari. Kila klabu inachagua mmoja, kisha zamu inarudi kinyumenyume, kila klabu inachagua wa pili. Aliyechagua kwanza ndiye anayefunga. Msichana asiyetajwa anaambiwa arudi mwaka unaofuata, na wengi hawarudi.

Kwotabeki wa kutazamwa walikuwa wawili. Wa kwanza aliitwa Beth, mzaliwa wa hapohapo Longbridge, aliyeletwa na babu yake kila mara robo saa kabla ya muda. Alikausha mipira kwa taulo lake mwenyewe bila kuambiwa. Mkono wake ulikuwa wa kawaida. Kadi yake niliiandika mara mbili tu: Makini. Mtulivu. Mkweli. Na chini, Tayari.

Wa pili aliitwa Divine. Alichelewa dakika ishirini majaribio ya kwanza, akaja anakula krispi. Mchezo ulioamriwa ulikuwa wa kurusha kulia. Yeye akageuza kichwa na mabega yote kulia, wachomoaji wote wakakimbilia kulia, halafu mpira ukatoka kushoto, hata sikuona ulivyotoka, ukamkuta mdakaji ambaye mwenyewe hakuwa akiutarajia. Divine alikuwa ameshaanza kucheka mpira ukiwa bado angani. Niliacha kuandika. Mwalimu alisugua kidevu, akasema, "Anacheka kabla haujafika. Mtu mzima hucheka ukifika."

Aliniagiza nikamtazame nyumbani, jambo tulilolifanya kwa wale tuliowatilia shaka. Walikaa Winson Green, kwenye nyumba zile zilizoshikana. Nilikuwa sijafika mlangoni mama yake akanipungia dirishani.

"Usifinye sonnette," alisema akifungua. "Piga mulango tu. Divine amefungula sonnette yote, anasema anatafuta kwa nini inalia mbele mutu afike."

Kengele ilikuwa inaning'inia kwa nyaya mbili. Mama Divine alitoka Bukavu, na chai yake ilikuwa na tangawizi ya kutosha kumfufua mtu. Aliniambia mtoto wake ana akili, lakini kichwa chake ni "nguvu", yaani kigumu. Divine mwenyewe alikuwa sakafuni na bisibisi. Alituelewa kila neno na kutujibu kwa Kiingereza, kama watoto wote waliozaliwa hapa. Nilimuuliza kwa nini anachelewa. Alifikiri kwa dhati, akasema kwamba huwa anaona kitu njiani. Nilisubiri sababu nyingine, ya kuhurumiwa. Haikuwapo.

Nikamweleza mama kwamba timu inamuogopa kidogo, labda tungengoja mwaka mmoja akomae. Mama Divine aliiweka birika chini.

"Munamungoja aive kama ndizi?" aliuliza. "Ukiweka ndizi peke yake juu ya kabati, miye nakuambia, inaoza."

Kabla sijaondoka Divine aliniomba nibonyeze kengele. Ililia, kisha ikanyamaza. Alinitazama kwa furaha ambayo sikuwa na neno lake la Kiingereza, ila la Kiswahili nilikuwa nalo, na nililiandika kwenye basi.

Kadi ile niliiandika mara kumi na moja. Mkono. Jicho. La tatu ndilo nililolifuta na kulirudisha, na kila mara likarudi lilelile: Mtundu. Na chini, kwa kalamu nzito, kwa sababu nilikuwa na uhakika: Bado.

Siku ya uchaguzi ukumbi ulikuwa umejaa. Divine alikaa safu ya nyuma na mama yake, ameshavaa glavu za kudakia, akimchekesha msichana wa jirani. Beth alikaa mbele na babu yake na chupa ya chai. Sisi tukaitwa kwanza. Mwalimu aliziweka kadi mbili mezani, akaweka kidole kwenye ile ya Divine.

"Mkono, jicho, sawa," alisema kwa sauti ya chini. "Lakini wewe mwenyewe umeandika mtundu. Na chini tena bado. Kwani nisumbuliwe mara mbili?"

Akainuka akataja jina la Beth.

Nilielewa papo hapo. Kwake mtundu ni mtoto anayesumbua darasa. Kwetu pia, sikatai, lakini si huyo tu, na huyo sikuwa nimemwandika. Kati ya kidole chake kugusa kadi na mdomo wake kufunguka kulikuwa na muda wa kutosha wa kusema neno moja. Kwotabeki huhitaji muda mfupi zaidi. Sikusema. Nataka mjue ni kwa nini, kwa sababu si kwa heshima, ingawa nilijiambia ni heshima. Ni kwa sababu nilikuwa nimeiandika kadi ile mara kumi na moja, na nisingevumilia kusikika nikisema ilikuwa na kosa.

Nilidhani klabu nyingine itamchukua. Sikuwa nimefikiria kwamba wao walikuwa wakitutazama sisi. Kocha wa meza ya pili aliinama akaniuliza kwa urafiki kwa nini tumemwacha Divine, mwenye mkono ule; kuna jambo gani? Nikasema hakuna jambo. Alitabasamu kama mtu aliyeambiwa lipo, akarudi kwenye karatasi yake na kuchora mstari. Jina la pili likatajwa, la tatu, la nne. Mzunguko wa kwanza ukaisha, zamu ikageuka. Jina la saba. La nane. Nyuma kicheko kilikuwa kimekwisha. Divine alivua glavu, kidole kimoja kimoja, akazitia kwenye begi na kufunga zipu. Kisha akakaa wima, mikono magotini. Ilikuwa mara ya kwanza kumuona ametulia, na nikagundua sikuwa nimewahi kutaka kumuona hivyo.

"Mwalimu," nilisema, "ile mtundu si mtukutu."

"Mtundu ni mtundu," alijibu bila kugeuka. "Kwetu ni yule anavunja dirisha halafu anasema ni upepo."

"Kwetu pia ni huyo. Lakini pia ni yule anayefungua kengele aone sauti inatoka wapi. Winga akimpita beki mpaka beki mwenyewe atamani kupiga makofi, redioni wanasema mtundu. Nilimsifu, Mwalimu."

Sasa akageuka. Mbele walikuwa wakitaja jina la tisa.

"Na unaniambia saa hii?"

"Nilikuona unaisoma vibaya nikanyamaza. Niliiandika mara kumi na moja. Sikutaka iwe na kosa."

Alinitazama jinsi nadhani anavyowatazama wagonjwa waliokunywa dawa ya jirani. "Sasa iko nalo," alisema. Akagonga sehemu ya chini ya kadi. "Na hii bado? Hii nayo Morogoro inamaanisha nini?"

"Hiyo ni bado kweli. Hiyo usiiguse."

Jina la kumi. Kocha wa meza ya pili ndiye aliyekuwa wa kumi na moja, kabla yetu sisi wa kufunga. Alisimama akiwa hana haraka, akatazama safu ya nyuma kwa muda mrefu hivi kwamba Mama Divine alianza kuinuka. Akatazama tena karatasi yake yenye mstari, akataja mlinzi kutoka Coventry.

Mwalimu Wanjala alikuwa ameshasimama. Alilitaja jina la Divine kwa sauti ya mazoezini, na alipokaa akaniambia, "Ningemkosa, ungebeba vitambaa maisha yako yote."

Mazoezi ya kwanza Divine alichelewa dakika kumi na moja. Mwalimu alinitazama mimi, si yeye.

Kisha akafanya jambo ambalo sijalisoma kwenye video yoyote. Hakumfokea wala hakumzungusha uwanja. Alimpa ufunguo wa stoo ya vifaa, akamwambia kuanzia leo ni wake, hakuna wa pili. Jumanne iliyofuata watu kumi na tisa tulisimama mbele ya mlango uliofungwa, mvua ikitunyeshea, dakika ishirini nzima. Alipotokea mbio hakuna aliyemsema. Beth tu ndiye aliyefungua begi, akakamua taulo lake, akamwonyesha kwamba leo hatakausha kitu. Tangu hapo Divine hakuchelewa tena, isipokuwa mara nne. Nilizihesabu.

Misimu miwili alikaa nje akimtazama Beth akicheza, na msidhani alifurahia. Msimu wa tatu Beth mwenyewe alikwenda kwa Mwalimu akamwambia kwamba yeye anajua mpira unapaswa kwenda wapi, lakini Divine ndiye anayeweza kuufikisha. Kwa hiyo wabadilishane, yeye awe mdakaji. Mkiniuliza kati ya wale wawili nani alikuwa amekomaa, nitasema ni yule aliyesema hivyo. Mkiniuliza tungemchagua nani kwanza kama ningefungua mdomo kwa wakati wake, sijui. Huenda tungempoteza Beth. Nimelifikiria hili kwenye mabehewa mengi, na sijapata jibu lisilo na kosa ndani yake.

Kwa hiyo siwezi kuwapa kanuni. Kipaji mtakikuta kimeshafika. Ukomavu, mara nyingi, ni kitu ambacho mtalazimika kumpa mtu kabla hajastahili, halafu msimame naye kwenye mvua. Chukueni makoti. Na mwenzenu akiisoma kadi yenu vibaya, semeni, hata kama mmeiandika mara kumi na moja.

Mwalimu amerudi Bungoma. Ananitumia ujumbe wa sauti wenye kuku nyuma yake, akiuliza kama mteremko bado upo. Mwaka huu niliwaaga wote Jumamosi, baada ya mazoezi. Kulikuwa na keki, na chapati za Mama Divine ambazo zilikwisha kabla ya keki. Nilikuwa nimeandaa hotuba ya dakika tatu, nikaisoma kwa dakika moja na nusu kwa sababu ya woga.

Divine alinisubiri hadi wengine wakaondoka. Alifunga stoo, akajaribu kufuli mara mbili, tabia ambayo nadhani aliipata kwangu. Kisha akatoa mfukoni kipande cha boksi la glavu, kimekunjamana, akanipa, akawahi basi lake.

Kilikuwa kimeandikwa kwa Kiswahili. Sijawahi kumsikia akikisema, wala sikujua anaweza kukiandika. Maneno matatu: Mwoga. Makini. Mtudu. Na chini, kwa kalamu nzito, pale pa ukomavu, pale ambapo mtu anayestaafu angetarajia kuandikiwa Tayari: Bado.

Nilisimama chini ya paa la stoo nikiisoma. Nilitoa kalamu, maana mtundu ina n, na siwezi kuliona kosa nikaliacha. Niliishika juu ya kadi kwa muda. Halafu nikairudisha kalamu mfukoni.